Mtungi wa Mwisho wa Babu

Kila asubuhi, kabla ya uji, Okdan alikunja sketi yake na kukanyaga udongo wa baba yake, mfinyanzi. Ukiukanyaga vizuri, hewa yote hutoka. Ukizembea, hewa hujificha ndani na mtungi hupasuka motoni. Hilo Okdan alilijua tangu hajang'oa meno ya utotoni.

Lakini siku ya Dano, sikukuu ya Kikorea ambayo wasichana hucheza bembea, wenzake walimwita kutoka kwenye bembea. "We Okdan! Udongo huo umekuoa?" Akacheka, akaacha nusu, akakimbia. Jioni baba alipouliza, akajibu, "Nimemaliza wote."

Mitungi ilipokwisha kuchomwa na tanuri la baba kule mlimani kufunguliwa, kijiji kizima kilikuwa pale, maana nani angekubali kupitwa? Ndani, mtungi mmoja wa baba ulikuwa umepasuka na kuubomoa uliosimama kando yake: mtungi wa babu, alioufinyanga siku chache kabla ya kufa. Bibi hakulia. Alikaa chini, akapakata vigae kama mtoto mchanga.

"Moto huo!" alisema Mama Gapsu, jirani asiyekosa la kusema. "Chilbok kauchochea haraka. Pombe hiyo, nyie!"

"Jamani, sijaonja hata tone," alisema Chilbok, kibarua wa baba aliyekesha akilisha tanuri kuni.

"Fungasha virago vyako, Chilbok," baba alisema bila kumtazama.

Okdan aliokota kigae cha mtungi uliopasuka. Katikati ya unene wake palikuwa na uwazi mdogo, kama punje ya maharage.

"Baba, si mjomba Chilbok. Ni mimi. Nilikwenda kwenye bembea, udongo nikauacha."

Baba akamshika Chilbok mikono yote miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Usiende popote."

Okdan akapiga magoti. "Bibi, nipige."

"Nikikupiga, babu yako atarudi kunifinyangia mwingine?" Bibi alipapasa alama za vidole vya babu upande wa ndani wa kigae kimoja alichopakata, na sasa machozi yakamtoka. "Mtungi huu nitaulilia mpaka nife, mjukuu wangu. Lakini uvivu ulivunja mtungi tu. Uongo wako ulikuwa unamvunja mtu, na ungenyamaza, angeondoka hapa na kosa lako mgongoni. Haya, nisaidie kuokota. Taratibu, usije ukajikata."