Saratani Mbili za Fundi Viatu

Fundi viatu alirudi kibandani wiki ya sita baada ya upasuaji. Kibofu chake kilikuwa kimeondolewa kwa sababu ya saratani. Mkojo sasa uliingia kwenye mfuko mdogo uliobandikwa tumboni, chini ya shati. Alishauzoea. Alishona soli na kutaniana na wateja.

Kisha hospitali ikampa karatasi ya majibu ya maabara. Akaisoma mwenyewe kwenye foleni, akakutana na maneno "saratani ya tezi dume". Hakumngoja daktari. Aliikunja karatasi, akaenda zake.

Tangu hapo hakupokea tena viatu vya kushona. Mkewe alipomuuliza, alisingizia mgongo. Kumbe aliogopa kufa na viatu vya watu mkononi. Tarehe ya kliniki ikapita, naye hakwenda.

Jirani yao, muuguzi, akaleta viatu vyake vya kazini. Fundi akavikataa, mwisho akatoa ile karatasi.

"Dada, saratani ya kibofu ilitolewa, kumbe imesambaa. Viatu vyako atakurudishia nani?"

Muuguzi aliisoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akamwita mke naye asikie. Akawaeleza kwamba tezi dume iko chini kidogo ya kibofu, imeshikana nacho. Katika upasuaji ule vyote viwili viliondolewa pamoja, na maabara huchunguza kila kilichotolewa.

"Hii haikutoka kwenye kibofu," alisema. "Ni saratani nyingine, ndogo, na ilikuwa ndani ya tezi tu. Tezi yenyewe haimo tena mwilini mwako, kaka. Ila kliniki usikose. Ile ya kibofu lazima ifuatiliwe, na kwa hii utapimwa damu."

Mke alilia kwa nafuu, kisha akapandwa na hasira kwa kufichwa wiki tatu nzima. Kesho yake alimpeleka kliniki mwenyewe, amemshika mkono. Daktari akathibitisha maneno ya muuguzi. Vipimo vya miezi mitatu baadaye havikuonyesha saratani yoyote.

Daktari alisema pia kwamba ndugu zake wa kiume wajulishwe, maana saratani ya tezi dume huweza kufuata ukoo. Fundi akaenda kwa mdogo wake, dereva wa lori. Akafungua shati, akamwonyesha mfuko, akamsimulia yote: alianza kwa kukojoa damu bila maumivu, akapuuza.

Mdogo wake aliinamisha kichwa.

"Kaka, mimi damu naiona tangu mwezi uliopita. Nimeona aibu kusema."

Fundi akafunga vifungo vya shati.

"Inuka," alisema. "Twende sasa hivi."