Jedwali Lililomtaja Kidoti

Mama Kidoti alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kitambaa cha bluu kila mahali. Mumewe alikuwa mwashi. Binti yao waliyempa jina la utani Kidoti, kwa alama nyeusi ya shavuni, alisoma darasa la nne.

Kila muhula ulipokaribia, mama alizunguka shule kwa shule kuomba kazi. Soli za viatu zilikwisha, kazi haikuongezeka. Katika kompyuta yake kuukuu alikuwa na msaidizi wa akili bandia, yule unayemwandikia swali naye akakujibu. Alimuuliza habari za shule za jirani, akatajiwa hata shule iliyokwishafungwa.

Mshonaji mwenzake alimweleza sababu. Msaidizi akiwa peke yake hujibu kwa yale aliyojifunza zamani. Ukitaka akusomee kurasa za leo, muunganishe na chombo cha kukusanya data kwenye tovuti. Mama Kidoti akajiandikisha. Akapewa ufunguo, yaani mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, akaubandika kwenye mipangilio ya msaidizi. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kupachika kola.

Kisha akaandika: "Nikusanyie kila kitu kuhusu shule zote za hapa."

Akaenda kupiga pasi. Aliporudi, alikuta jedwali la mistari mia nane. Akacheka peke yake kwa furaha, akaanza kusoma. Katikati ya jedwali akaona jina la shuleni la Kidoti. Umri, miaka tisa. Ana pumu. Hurudi nyumbani peke yake saa tisa na nusu, kwa geti la nyuma. Mwisho kulikuwa na simu ya mzazi. Ilikuwa namba yake mwenyewe.

Akampigia mumewe, naye akaja na saruji mikononi. Alisoma amesimama, kisha akaketi juu ya rundo la kitambaa. Siku nyingine angegombezwa kwa vumbi lake. Siku hiyo hakuna aliyeliona.

Baba alisema chombo hicho ni mwizi, kimevunja na kuingia shuleni. Wakamwita jirani yao, mkutubi aliyefundisha watu wazima kompyuta. Alisoma mstari ule mara mbili.

"Mlango haukuvunjwa, shemeji," alisema. "Ulikuwa wazi."

Akawaeleza. Shule ya Kidoti iliandaa orodha ya safari ya wanafunzi, yenye afya zao na namna wanavyorudi nyumbani, ikaiweka kwenye tovuti yake. Walimu walidhani imefichika kwa kuwa haionekani ukurasa wa mbele. Lakini chombo hufuata kila kiungo kinachofunguka.

"Hata habari za watoto?" mama aliuliza.

"Chombo hakina haya, dada. Uliagiza kila kitu, kikaleta kila kitu. Anayejua mtoto wa mtu ni nini ni wewe."

Kisha mkutubi akauliza ufunguo amempa nani. Mama Kidoti akainamisha kichwa. Asubuhi ile, kwa moyo mwema, alikuwa ameutuma kwenye kundi la washonaji. Mwenye ufunguo huo, mkutubi alisema, anaweza kukusanya lolote, na litaonekana ni lako. Wakaubatilisha palepale na kuchukua mwingine, wa kukaa kwa mama Kidoti tu. Wakaandika pembeni anwani ya ule ukurasa, wakafuta jedwali na mazungumzo yote yaliyolibeba.

Alasiri hiyohiyo walikwenda shuleni. Mwalimu mkuu aliufungua ukurasa kwa simu yake. Tarehe iliyoandikwa juu yake ilionyesha ulikuwa wazi kwa zaidi ya mwaka.

"Nani mwingine ameusoma?" aliuliza.

Ukurasa ukaondolewa siku hiyo. Geti la nyuma likafungwa, na watoto wakaanza kutokea mbele, mwalimu akiwaona.

Kesho yake mkutubi aliketi na mama Kidoti, akamwachia aandike mwenyewe: "Kwa kila shule niletee jina la shule, simu ya ofisi na tangazo la sare. Usichukue habari za mtu binafsi. Ruka tovuti zinazokataza data zake kukusanywa. Niwekee anwani ya kila ukurasa."

Ikaja mistari thelathini na mmoja. Mkutubi akamwambia asiiamini bado. Walifungua kurasa tano wao wenyewe, wakakuta namba moja ya simu imekosewa tarakimu. Basi mama akazihakiki zote kabla ya kupiga simu.

Wiki iliyofuata shule iliita wazazi. Mama Kidoti aliomba kusimama. Alisema yote, hata kwamba orodha ya watoto wao ilikuwa mikononi mwake. Baba mmoja wa nyuma akauliza kama alisoma habari za mwanawe.

"Niliishia kwa wangu," alijibu. "Nikashindwa kuendelea."

Muhula huo shule tatu kati ya zile thelathini na moja zilimpa kazi ya sare. Ya nne ilikuwa shule ya Kidoti. Aliyempendekeza ni yule baba wa nyuma.