Kitufe Chekundu cha Bi Opereta

Mtaa mzima ulimwita Bi Opereta. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye chumba cha kuunganisha simu, nyaya mkononi. Taa nyekundu ikiwaka, maana yake mtu anangoja. Unachomeka waya, unasema, "Namba, tafadhali?" Mwenyewe huapa kwamba siku moja aliunganisha simu mia mbili kabla chai yake haijapoa, na katikati ya hizo akapatanisha wachumba waliogombana. Ukibisha, anacheka. "Ungekuwepo ungeona!"

Sasa anaishi peke yake. Asubuhi hufagia ua, hunywa chai, kisha huwakumbuka wenzake watano wa chumba kile, kila mmoja kwa sauti yake.

Bi Opereta ana presha. Zahanati ilimwekea kwenye simu programu ya kumkumbusha kumeza dawa. Nesi alimwonyesha mara moja tu, siku ya foleni ndefu. Mwezi haujaisha, akaanguka jikoni kwa kizunguzungu. Kopo la vidonge lilikutwa limejaa.

Binti yake akaja juu. "Mama, mwisho wa mwezi unahamia kwangu. Nyumba hii tunaifunga."

"Nihame kwangu kwa ajili ya vidonge?"

"Humezi! Simu inakukumbusha, wewe unaipuuza."

"Naipuuza? Naijibu kila siku! Yenyewe ndiyo haisemi."

Nesi alipoyasikia hayo, alimleta dada mmoja anayebuni programu ile. Alifika asubuhi na daftari na penseli.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha?"

"Nimekuja kujifunza. Fanya kama kila siku. Jifanye sipo."

"Mrefu hivyo, nijifanye hupo!"

Saa mbili simu ikalia. Kwenye kioo vikatokea vitufe viwili visivyo na maneno, cha kijani na chekundu. Bi Opereta akabonyeza chekundu upesi. Akaiweka simu sikioni, akangoja. Kimya.

"Kwa nini chekundu, Bi?"

"Nyekundu ni mtu anangoja! Humwachi mtu akangoja. Kijani ni laini imetulia, niibonyeze ya nini?"

Mbunifu akaacha kuandika. Chekundu kilikuwa cha kufuta. Kila asubuhi bibi huyu aliufuta ukumbusho wake, kisha akasubiri sauti.

"Kosa ni letu," alisema. "Tuliichora ofisini, tukaijaribu wenyewe kwa wenyewe. Wanaomeza dawa hatukuwauliza."

"Basi niulize."

Wakakaa mezani, wakakata karatasi ukubwa wa simu, wakachora. Bi Opereta hakumwonea haya. "Herufi gani hizi, za kusomwa na sisimizi? Na mtu aongee. Anisalimie kwanza."

Kesho yake wakamwita fundi viatu, naye ana presha. Akaitazama karatasi, akakuna kichwa. "Hapa nibonyeze nini?" Wakaikunja, wakachora nyingine. Ya nne ndiyo aliyoielewa bila kuuliza: kitufe kimoja kikubwa, kimeandikwa NIMEMEZA. Usipokibonyeza, simu inalia tena.

"Wa kutoa sauti tumtafute nani?" mbunifu aliuliza.

Fundi viatu akacheka. "Unauliza, na opereta mwenyewe amekaa hapo?"

Ikawa kila asubuhi, simu za wagonjwa zinasema, "Habari za asubuhi. Dawa yako inakungoja, tafadhali." Wazee wa mtaa walisimama kidogo na kikombe mkononi. Sauti ile iliwahi kuwaunganisha na ndugu waliokuwa mbali, wengine sasa hawapo tena.

Mwisho wa mwezi binti alifika zahanati na mama yake. Nesi akamfunga bibi mkanda mkononi, akapima presha, akapima tena.

"Imeshuka. Vizuri sana."

Binti alihesabu vidonge vilivyobaki. Hakuna kilichozidi. Akamshika mama mkono.

"Basi kaa kwako, mama. Lakini kila Jumapili nakuja."

"Njoo," alisema Bi Opereta. "Ila usije kunikagua. Njoo tuongee."