Kioo cha Mchicha

Kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, Nadra alimmwagilia bibi yake mchicha uani kwao Mpendae. Wiki ile alichuma majani kwa kazi ya skuli pia. Aliyatwanga, akayachuja, akalowesha katika maji yake kioo kilichopakwa unga mweupe, alichopewa na mwalimu wake wa sayansi, Bi Hija. Kilikuwa kipande cha sola. Rangi ya kijani ilinasa mwanga kama inavyounasa ndani ya jani linapojitengenezea chakula, na hapa mwanga uligeuka umeme.

Siku ya kwanza mita ilisoma volti 0.4. Bibi yake, Bi Time, akapiga kigelegele. Siku ya tatu ilisoma 0.1 tu, na kijani kimepauka.

Maonyesho ya sayansi ya skuli yalikuwa kesho yake.

"Andika nukta nne siku zote," alisema shoga yake wa darasani, Fathiya. "Nani atajua?"

Nadra akaandika. Lakini jioni aliisukuma kando sahani yake ya chakula.

"Una nini, mjukuu wangu?"

Akalia, akaeleza yote. Bi Time alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, akakigeuza kioo mkononi, kisha akatazama uani.

"Na ule mchicha wangu uko juani kutwa. Mbona wenyewe haupauki?"

Nadra alilifungua daftari lake. Alifuta namba za uongo, akaandika za kweli, na chini yake swali la bibi.

Asubuhi alimpa mwalimu daftari.

"Shikamoo, mwalimu. Jana niliandika uongo. Nshaufuta."

"Marahaba." Bi Hija alisoma mpaka lile swali la chini, halafu akamvuta karibu.

"Jani nalo huumizwa na jua, Nadra. Lakini liko hai, kila siku hujenga upya kilichoharibika. Kioo chako hakiwezi. Wanasayansi wanahangaika na jambo hilihili: vipi sola za aina hii zijitibu kama jani."

Kwenye maonyesho watu walijaa mezani kwa Nadra, wakiuliza juu ya zile namba zilizoshuka. Bi Time alikaa kiti cha mbele, akimwambia kila mgeni kwamba lile swali la mchicha ni lake yeye.

Mwisho Bi Hija aliwageukia wanafunzi.

"Namba nzuri za uongo zingetufanya tupige makofi twende zetu nyumbani," alisema. "Nadra ametuonesha palipoharibika. Wanangu, hapo ndipo kazi inapoanzia."