Muhogo Mjukuu wa Mpira

Jua la Mabokweni lilipochomoza, Mwanasiti alikuwa amekwisha kufagia ua, kuteka maji na kuinjika chungu. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara iendayo Horohoro, na shamba la muhogo lilianzia nyuma ya jiko. Muhogo ndio uliokuwa tegemeo lao. Mahindi yakikauka, muhogo upo. Mpunga ukiliwa na nguruwe, muhogo upo. Uweso, mumewe, alizoea kusema, "Mwenye muhogo ardhini ana ghala lisilotaka kufuli."

Asubuhi hiyo Mwanasiti aling'oa shina moja kubwa. Majani yake yalikuwa mapana na ya kupendeza, na mizizi ilikuwa minene kama mkono wa mtu mzima. Akaketi juu ya kigoda, akamenya, akakata.

Kisu kikasimama mkononi mwake. Ndani ya muhogo hamkuwa na weupe. Mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama gome la mti, yaliyopenya hadi kwenye moyo wa mzizi. Akakata wa pili, ukawa vivyo hivyo. Akang'oa shina jingine, kisha jingine. Mote mlikuwa na uozo ule ule.

"Mama," akamwita mkwewe kwa sauti ndogo. "Njoo utazame."

Bi Kijakazi akaja polepole, mkono kiunoni. Shamba lilikuwa lake, alilirithi kwa marehemu mumewe, na neno lake ndilo lililofuatwa. Akakiokota kipande, akakinusa, akakitupa.

"Mbegu hii ilitoka kwenu," akasema.

Hakulisema kwa ukali, lakini neno lilimchoma Mwanasiti. Ilikuwa kweli. Kwao Kirare, bibi harusi haendi kwa mume mikono mitupu. Hubeba mzigo wa pingili za muhogo kutoka shamba la mama yake. Mwanasiti alibeba wake, akaupanda, ukaenea shamba zima. Sasa mama yake alikuwa kaburini, na mihogo ile ndiyo iliyobaki ya mkono wake.

Uweso alipoona, aliduwaa. "Majani mazuri hivi, na mizizi imeoza? Hapa pana mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?" akauliza mkewe.

"Ningemjua, ningekaa hapa nikikutazama?"

Mkono wa mtu haukuonekana, lakini njaa ilionekana. Uweso akachukua panga lake, akaenda kufanya kibarua cha kukata mkonge ili nyumba ipate unga. Alirudi nyumbani mara chache tu, viganja vimechanika kwa miiba.

Siku moja akapita Bwana Timotheo na baiskeli yake. Alikuwa bwana shamba, Mbondei wa Muheza, mtani wa kila mtu njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbondei, umekuja kutuibia kuku?"

"Kuku wenu wamekonda, bibi. Sitaki hata kwa kubembelezwa."

Bi Kijakazi akacheka, akaamuru aonyeshwe shamba. Timotheo akapasua mizizi kadhaa, na mzaha ukamtoka usoni.

"Huu si uchawi," akasema. "Ni ugonjwa wa muhogo. Hupenda sana pwani hii. Huingia katika mmea, ukatulia kimya. Majani yanaweza kukudanganya. Ukikata pingili katika shina lenye ugonjwa, umepanda ugonjwa. Ukimpa jirani, umempa ugonjwa."

Mwanasiti akauliza, "Basi mama yangu alinipa ugonjwa?"

"Alikupa alichokuwa nacho, dada. Hakujua. Na wewe hukujua."

"Dawa yake?"

"Hauna dawa ya kunyunyiza. Ng'oeni yote, mchome. Nitawaletea pingili za mbegu nyingine, inayostahimili ugonjwa huu. Lakini msibakize shina la zamani hata moja. Wapo wadudu wadogo wanaoweza kuuhamisha."

Waling'oa. Walichoma. Hata hivyo, nyuma ya choo, mahali pasipoonekana, Mwanasiti alibakiza mstari mmoja wa mihogo ya mama yake. Moyo ulikataa.

Mvua zikanyesha, zikapita, zikanyesha tena. Muhogo mpya ulinawiri. Siku ya kuung'oa, Uweso alirudi kutoka mkonge, na Timotheo akaalikwa chakula. Mwanasiti alipopasua mzizi wa kwanza, alifumba macho kabla ya kutazama. Alipoyafumbua, aliona weupe mtupu, kama nazi. Akaupika kwa tui zito na samaki wa kukaanga.

Bi Kijakazi alikula kwa raha. "Mtamu," akasema. "Hebu nieleze, Mbondei. Mbegu hii ni ya wapi? Haina jina?"

"Imetoka Amani, bibi, kule milimani kwa wataalamu. Walitafuta jamaa wa muhogo asiyeugua sana. Wakampata. Ni ule mti wa mpira. Wakauchanganya na muhogo."

Mkono wa Bi Kijakazi ulisimama kati ya sahani na mdomo. "Mpira upi?"

"Ule wa mashamba ya zamani ya Mjerumani."

Bi Kijakazi akageuka, akatema tonge nje ya mkeka. Mwanasiti hakuwahi kumwona mkwewe akitema chakula. Uweso akasukuma sahani yake taratibu.

"Mimi nilikuwa msichana," Bi Kijakazi akasema. "Tulipelekwa kuuchanja mpira ule. Maziwa yake yalinata vidoleni, yakavutika kama uzi, hayakutoka hata kwa mchanga. Nikilala nanuka mpira, nikiamka nanuka mpira. Leo mmenilisha?"

"Bibi, watu wengi hupika kisamvu kwa majani ya mti ule."

"Wanaokula ni wao. Mimi sijaugusa tangu Mjerumani aondoke. Na wewe ulijua, ukakaa hapa ukanitazama nikitafuna."

Timotheo aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Ilinipasa kusema siku ile nilipoleta pingili. Nilipoambiwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilikosa usingizi. Niliogopa mtakataa."

"Sasa nimekataa. Uweso, kesho ng'oa yote."

Uweso alitazama viganja vyake vilivyochanika. "Ndiyo, mama," akajibu.

Mwanasiti alijua maana ya neno lile. Muhogo uking'olewa, mumewe atarudi mkonge. Akapiga magoti kando ya mkeka. "Bwana Timotheo, tueleze vizuri. Mti na muhogo huchanganywaje? Kwa uchawi?"

"Kwa maua, dada. Muhogo una ua dume na ua jike. Mtaalamu huchukua unga wa ua dume la mpira, akaupaka katika ua jike la muhogo, kama afanyavyo nyuki. Hutoka mbegu. Mtoto yule wa kwanza hakufaa kitu, mizizi yake ilikuwa migumu. Wakamwoza tena kwa muhogo. Mtoto wake wakamwoza kwa muhogo. Kila kizazi walichagua wale wenye mizizi mizuri na wasiougua ovyo. Huu mliokula ni mjukuu, au kitukuu. Umebaki muhogo, ila umerithi ustahimilivu wa babu yake."

"Babu mwenyewe ni mti wa mpira," Bi Kijakazi akasema. "Nimesikia. Sitaki." Kisha akamgeukia Mwanasiti. "Kachimbe ile ya mama yako. Unadhani siijui? Kila jioni nakuona ukienda nyuma ya choo bila ndoo ya maji."

Mwanasiti aliona aibu, lakini pia alifarijika. Majani ya mstari ule yalikuwa mazuri kuliko yote. Akachukua jembe, na wote wakamfuata. Shina likatoka na mizizi mikubwa. Akaipasua pale pale, mbele ya macho yao.

Ilikuwa na madoa ya kahawia. Imekauka kama gome, hadi kwenye moyo.

Mwanasiti akang'oa shina la pili, na la tatu, mpaka mstari ukaisha. Yote ilikuwa vile vile. Akaenda jikoni, akarudi na kijinga cha moto. Akakusanya nyasi kavu, akarundika juu yake mashina, majani na mizizi ya mama yake, akawasha. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Bi Kijakazi alisimama akiutazama moshi. Ulipopungua, akarudi kwenye mkeka, akaketi mbele ya sahani yake iliyopoa. Akachukua kipande cha muhogo, akakibonyeza kwa vidole viwili, akaviachanisha polepole, akitafuta uzi wa mpira. Hakuona uzi.

"Mwanangu ameweza kuchoma ya mama yake," akasema. "Mimi nitashindwa kumeza?"

Akala. Uweso akavuta sahani yake.

Kabla ya kuondoka, Timotheo alimfundisha Mwanasiti mambo yaliyobaki: apasue mizizi ya kila shina kabla ya kulikatia pingili, shina lenye doa alichome, hata kama majani yake yanapendeza, na asidhani kwamba mbegu mpya haiwezi kuugua kamwe. Mwanasiti aliyashika. Mwaka ule Uweso hakurudi mkonge, na makopa ya muhogo yalianikwa juu ya paa hadi nafasi ikakosekana.

Habari zikafika kwa majirani. Wa kwanza kuja kuomba mbegu alikuwa Mwatumu, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Mwanasiti alimkatia pingili safi, na Mwatumu akaanza kuzifunga mzigo.

"Ngoja kwanza," Bi Kijakazi akamwambia kutoka barazani. "Kabla hujajitwisha, njoo nikueleze ukoo wake. Babu yake ni mti wa mpira."

Kamba ikamponyoka Mwatumu mkononi. "Unasema?"

"Kaa kitako. Mimi nilitema. Lakini wewe hutasema hukuambiwa."

Mwatumu akakaa, akaelezwa yote, maua, watoto na wajukuu. Mwishoni alizitazama zile pingili kwa muda mrefu. Kisha akaiokota kamba, akafunga mzigo wake, akajitwisha.