Barua ya Gari la Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kaluki alimshika baba yake mkono akamtoa nje hadi lilipoegeshwa gari lao, pikapu kuukuu ya rangi ya samawati, kando ya nyumba yao katika mtaa uitwao Tena. Hapo Mzee Muoki alichovya kitambaa katika ndoo na kulipangusa kuanzia boneti hadi nyuma, polepole, akipapasa kila palipobonyea. Gari lilikuwa halijaendeshwa kwa miezi mitano. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umempofusha, na yeye, aliyekuwa dereva kwa miaka ishirini na mmoja, hakuweza tena kuona hata kiganja chake.

"Nimeacha wapi?" aliuliza.

"Kwenye taa ya kushoto, Baba. Kuna tope kidogo."

"Asante, macho yangu."

Ndivyo alivyomwita siku hizo. Kaluki, aliyekuwa darasa la saba, ndiye aliyemsomea gazeti, Biblia na barua kutoka nyumbani Machakos. Mama yake, Ndindi, aliondoka alfajiri kwenda kuuza mitumba katika soko la Gikomba, akarudi jioni miguu imemvimba.

Siku moja ya Juni, mwaka wa 1996, Mzee Muoki alimwita ndugu yake mdogo, Mbithi, aliyekuwa seremala huko huko Gikomba.

"Mbithi, gari lisiozee hapa. Nimeamua kukupa," alisema. "Sikuuzii, nakupa. Ubebee vitanda na meza zako, na kila muhula umsaidie huyu mtoto kwa karo. Ila ulihamishe kwa jina lako kwa haki. Kodi ilipwe."

Mbithi alimshika kaka yake mkono kwa mikono yake yote miwili. Kaluki akaandika barua ya kutoa zawadi, neno kwa neno kama alivyotamkiwa, na baba yake akatia sahihi iliyokwenda upande.

Siku mbili baadaye, Kaluki alipotoka shule, alimkuta Mbithi akimngoja nje ya lango la nyumbani kwao. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Kaluki, nimetoka mjini. Hata kama gari ni zawadi ya ndugu, kodi lazima ilipwe ndipo jina libadilishwe. Mimi sina hizo pesa. Dalali mmoja nje ya ofisi ya usajili wa magari ameniambia gari la urithi halitozwi. Niandikie barua nyingine."

"Ya kusema nini, Ami?"

Mbithi alitazama chini. "Kwamba baba yako amefariki, na familia imekubali gari lije kwangu."

Kaluki alielekeza kidole mlangoni. "Lakini Baba yuko hapo ndani!"

"Ni karatasi tu, mwanangu. Karatasi haiui mtu. Gari likikaa hapa, karo yako itatoka wapi? Huoni mama yako anavyohangaika?"

Kaluki alifikiria miguu ya mama yake. Alichana ukurasa katikati ya daftari akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote darasani, na hata alipofika kwenye neno "marehemu" haukutetemeka.

Jioni baba yake aliuliza, "Mbithi amepeleka barua yangu?"

"Amepeleka, Baba."

"Asante, macho yangu."

Usiku huo aliacha ugali wake sahanini.

Juma lililofuata, ofisi ilimtaka Mbithi arudi pamoja na aliyeandika barua. Mzee Muoki aliposikia, alisema atakwenda nao.

"Kaka, foleni ni ndefu. Utachoka bure," Mbithi alisema haraka.

"Gari ni langu mpaka nilitoe. Nataka kulikabidhi mwenyewe."

Ijumaa alivaa koti na tai. Njiani Kaluki alitaka kumwambia ukweli, lakini kila mara akamtajia tu shimo lililo mbele. Walipofika waliketi kwenye benchi. Mzee Muoki aliweka fimbo yake nyeupe kati ya magoti, akawa anatabasamu. Mwishowe karani, mwanamke wa makamo aliyeitwa Bi. Nangila, alisimama na faili mkononi.

"Familia ya marehemu Muoki Mulwa!"

Mzee Muoki alisimama, bado anatabasamu. "Muoki Mulwa ni mimi, Bi. Umekosea neno moja tu."

Bi. Nangila aliitazama barua, kisha akamtazama mzee. "Nimewaita ili walete cheti cha kifo," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee, kuna barua hapa inayosema umekufa. Imeandikwa na Kaluki Muoki."

Mzee Muoki alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega la binti yake. "Nisomee," alisema.

Kaluki alisoma huku machozi yakidondoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye maneno "marehemu baba yangu", mkono uliinuka kutoka begani mwake. Haukurudi.

"Kaka, kosa ni langu," Mbithi alisema. "Nilimshurutisha mtoto. Nilitaka kukwepa kodi."

"Gari nilikuwa nimekwisha kukupa, Mbithi," Mzee Muoki alijibu. "Na bado ukanizika."

Bi. Nangila aliweka faili mezani. "Udanganyifu huu ungewafikisha kortini. Kwa kuwa jina halijabadilishwa na mwenye gari yuko hai mbele yangu, ombi hili nalifuta. Lakini sikilizeni. Kumpa ndugu gari hakufuti kodi. Kama leo hamna pesa, gari libaki kwa jina la mzee mpaka mzipate. Mngeniuliza mimi badala ya dalali wa barabarani, ningewaambia hivyo bila malipo."

Mzee Muoki aliuliza ile barua ya kwanza ilikuwa wapi. Mbithi akaitoa mfukoni mwa shati, imekunjikakunjika. Kaluki alinyoosha mkono aipokee.

"Nisomee wewe, Bi," baba yake alisema.

Basi Kaluki alisimama pale akisikiliza mtu mwingine akimsomea baba yake maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, maneno ya kweli yote, na moyo wake ukavunjika. Wakati wa kurudi, Mzee Muoki hakumshika yeyote. Alitembea kwa fimbo yake, akijikwaa kila baada ya hatua chache, na alipotaka kushikwa alisema, "Niacheni."

Kwa majuma saba jirani yao Shire, mwenye duka, ndiye aliyemsomea gazeti. Kaluki aliomba msamaha mara tatu. Kila mara baba yake alijibu, "Nimekusikia." Mama yake alilia naye, lakini hakumtetea.

Mbithi aliuza kabati alilokuwa amejitengenezea, akafanya kazi hadi Jumapili, akalipa kodi yote. Mwezi wa Agosti alileta risiti na kitabu cha umiliki wa gari chenye jina lake. Mzee Muoki akamwita Kaluki aketi karibu.

"Mbithi amelipa kodi kwa majuma saba, na imekwisha," alisema. "Uongo ule mimi bado naulipa. Sioni, mwanangu. Naishi ndani ya yale mnayoniambia. Mlikuwa na shida, mkanificha. Mngeniambia, tungeifikiria watatu, tungesubiri, na leo gari lingehamishwa vivi hivi. Haki ya serikali ilipwe, na mtu aambiwe kweli hata inapouma. Ukimdanganya mtu kwa sababu unampenda, umemwacha peke yake vilevile."

"Bado unaniamini, Baba?"

"Bado sijafika huko. Lakini nataka kufika."

Nje, Mbithi aliwasha gari. Mzee Muoki aligeuza uso kuelekea mlio ule alioufahamu, na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Kaluki alisimama dirishani. Alitamani kumwambia jambo la kumfariji, lakini akamwambia alichokiona.

"Limetoka langoni, Baba. Limekata kona. Sasa silioni tena."