Nafasi Tatu za Kidawa

Kila siku, kabla jua halijachomoza, Kidawa alikuwa ameshapanga foleni kisimani. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja tu, na aliyechelewa aliteka matope. Ndoo ikijaa aliibeba kichwani mpaka nyumbani, akafagia uwanja, akanywa uji wa muhogo usio na sukari, kisha akatoka mbio kwenda shule kuwahi mchakamchaka. Baada ya kukimbia waliimba, baada ya kuimba walipalilia shamba la shule, na ndipo waliponawa mikono na kuingia darasani.

Ulikuwa mwaka 1976. Miaka miwili nyuma, watu wa upande ule wa Mtama walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao na kuletwa kando ya barabara kuu, katika kijiji cha ujamaa. Sasa shule, zahanati na duka vilikuwa karibu. Mashamba ndiyo yaliyobaki mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huko walikotoka walikuita mahameni, na mikorosho yao yote ilikuwa huko.

Asubuhi moja ya Ijumaa, Mwalimu Ismaili, mwalimu mkuu, aliingia darasa la saba na kugawa vipande vya karatasi.

"Hizi ni za kujaribia," alisema. "Kila moja ina nafasi tatu. Mtaandika shule au vyuo mnavyoomba kwenda mkifaulu. Mzungumze na wazazi, na mzazi atie sahihi au dole gumba. Jumatatu mnaniletea, halafu mtaandika fomu yenyewe kwa wino mbele yangu."

"Mwalimu, nikiandika Ulaya je?" aliuliza Dadi kutoka nyuma.

"Andika. Nauli utamwomba mjomba wako, auze ile baiskeli yake isiyo na mnyororo."

Darasa zima lilicheka. Kidawa hakucheka. Yeye alikuwa anajua ataandika nini tangu kaka yake alipozikwa.

Wakati wa kurudi nyumbani, rafiki yake Tekla alimshika mkono. "Wewe unaandika wapi?"

"Ile shule kubwa ya Dar es Salaam."

"Na nafasi ya pili?"

"Hiyohiyo."

"Na ya tatu?"

"Hiyohiyo."

Tekla alisimama katikati ya njia. "Shoga, unaomba shule au unatoa talaka?"

"Usinicheke. Wewe hukusoma chuo cha Kurani. Dua husomwa mara tatu ndipo inashika. Ukiandika mara tatu, wakubwa wanaona una nia. Kaka Mfaume aliandika hivyo."

Tekla aliacha mzaha. Habari za Mfaume hazikuwa za kuchezea.

Mfaume alikuwa mkubwa wa Kidawa kwa miaka miwili, na alikuwa wa kwanza darasani kila muhula. Mwaka ule wa kuhama alifanya mtihani wa darasa la saba, na majina yaliposomwa, lake halikuwemo. Watu wakasema hakuwa na bahati. Mfaume alikwenda Sudi, kule pwani, kuzamia majongoo bahari, ili apate fedha za kwenda shule ya kulipia. Alizamia miezi minne. Mwezi wa tano alizama asubuhi moja, na wenzake wakamtoa jioni. Aliletwa nyumbani juu ya gari la muhogo, amefunikwa tanga.

Tangu hapo Kidawa alijiambia kwamba shule aliyoikosa kaka yake, yeye ataisoma kwa niaba yake. Hisabati zilimshinda mara nyingi, na darasani alikuwa wa nne au wa tano, lakini hayo hakuyatia akilini.

Baba yake, Mzee Abdala, alimsikiliza huku akifunga magunia matupu kwa kamba. Alikuwa anajiandaa kwenda mahameni, ambako hulala siku mbili tatu kila wiki.

"Andika hukohuko unakotaka," alisema bila kuinua macho. "Korosho zikianza kuanguka mwezi wa kumi, tutauza. Nauli ipo. Sanduku lipo. Andika."

"Kweli, baba?"

"Nimeshasema, mwanangu."

Akajitwika magunia na kuondoka upesi. Ndipo Kidawa alipokumbuka kwamba hakutia dole gumba kwenye karatasi.

Jumamosi asubuhi wanawake wa kijijini walikuwa wanakwenda kutafuta kuni upande wa mahameni. Baba alikuwa amemkataza Kidawa kufika mahameni, akisema njia ina simba, lakini karatasi ilitakiwa Jumatatu. Mama alikubali kwa shingo upande. Kidawa alifuatana na wanawake hao mpaka kwenye mkondo mkavu, wao wakabaki kuvunja kuni, na yeye akapanda kilima kidogo kilichobaki.

Alipofika juu alidhani amepotea njia. Aliijua nyumba yao kwa mawe matatu ya jikoni yaliyokuwa bado yamekaa mahali pake. Kuta zilikuwa zimeanguka. Na mikorosho, safu zile alizozikimbilia akiwa mdogo, ilikuwa imesimama myeusi mitupu, matawi yamekatika, magamba yamebanduka. Majani marefu yalikuwa yameota katikati. Shamba lisilopaliliwa hushika moto, na moto ulikuwa umepita hapa, wala si jana wala juzi.

Baba yake alikuwa amepiga magoti kwenye kichaka, anachimba kwa jembe lililokatika mpini. Kando yake gunia lilikuwa nusu. Lilikuwa la ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu huchimba wakati wa njaa.

"Shikamoo, baba."

Jembe lilianguka. Mzee Abdala aligeuka. Kisha alijifuta mikono kwenye msuli.

"Marahaba. Nani kakuleta huku?"

"Umesahau kutia dole." Alimwonyesha karatasi. "Baba, korosho ziko wapi?"

"Unaziona."

"Zimeungua lini?"

"Mwaka jana, kiangazi. Nilikuja nikakuta moshi."

"Na hii ming'oko ulisema unapewa na rafiki yako kwa kubadilishana na korosho."

"Nilisema."

Kidawa alikaa chini, hapohapo kwenye majivu ya zamani. "Kwa nini uliniambia niandike Dar es Salaam?"

Baba yake aliliokota jembe, akaliweka juu ya gunia. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaka yako alinijia na karatasi kama hiyo. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia sina, tumehama juzi, omba hapa karibu. Alinitazama, Kidawa, akatoka. Akakosa nafasi, akaenda Sudi kujitafutia. Neno lile la sina ndilo lililompeleka kwenye maji. Nikaapa kwamba mtoto mwingine sitamwambia tena."

"Sasa ningefika mwezi wa kwanza, nimechaguliwa, na nauli haipo. Ungefanyaje?"

"Mawazo yangu hayakufika huko," alisema baba. "Kila siku niliwaza ya siku hiyo tu."

Kidawa alimsaidia kuchimba, gunia likajaa, wakarudi kijijini pamoja.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa Mwalimu Ismaili kabla ya kengele. Mwalimu alimkaribisha Mzee Abdala kiti, na Kidawa akasimama kando ya mlango. Baba alieleza yote: moto, ming'oko, na uongo wake kwa binti yake. Lilikuwa jambo zito kwa mtu mzima kulisema mbele ya mtoto, lakini alilisema mpaka mwisho.

"Kwa hiyo, Mwalimu, usimlaumu huyu akiandika shule za karibu tu. Sina. Na yule mkubwa wake nilimwua kwa neno hilohilo."

Mwalimu Ismaili alivua miwani. "Mzee Abdala, si wewe. Nisikilize vizuri. Mfaume alifaulu. Alikosa nafasi kwa sababu aliandika shule moja mara tatu. Shule ile huombwa na watoto wa nchi nzima. Wanaochagua wakishaijaza, wanatazama nafasi yako ya pili. Wakikuta ni ileile iliyojaa, wanatazama ya tatu. Wakikuta ni ileile, wanaiweka fomu yako pembeni na kuchukua ya mwenzako."

"Haikuwa ishara ya nia?" aliuliza Kidawa.

"Hakuna anayesoma nia pale. Wanasoma nafasi." Mwalimu aliivaa miwani tena, akaivua tena. "Na jambo jingine. Fomu ya Mfaume niliiona. Ilikuwa mwaka wa kuhama, nilikuwa nasimamisha nyumba yangu mwenyewe, gari la wilayani lilikuwa linangoja nje. Niliona ameandika mara tatu. Nikasema moyoni, nimwite. Dereva akapiga honi. Nikaikunja nikaitia kwenye bahasha. Nimeishi na jambo hilo mwaka wa pili huu, na sikuwa na ujasiri wa kuja kwenu."

Mzee Abdala aliinamisha kichwa. Kidawa alitamani baba yake apige kelele, au atoke, au afanye lolote. Mzee alisema tu, "Basi huyu mwandikie sawasawa."

"Ataandika mwenyewe," alisema mwalimu. "Haya, Kidawa. Mtihani wa majaribio wa wilaya ulipata ngapi hisabati?"

Kidawa alitazama chini. "Arubaini na mbili."

"Kiswahili?"

"Themanini."

"Ile shule ya Dar es Salaam huchukua wenye hisabati za sabini kwenda juu. Tena barabara. Mvua zikianza mwezi wa kwanza, njia ya Rufiji hukatika. Mwanafunzi asiyefika siku aliyoitwa, nafasi yake hupewa mwingine. Meli nauli yake ni kubwa zaidi. Unaweza?"

"Siwezi."

Kusema hivyo kulimuuma kuliko alivyotazamia. Alijua kwamba pamoja na shule ile anampoteza Mfaume kwa mara ya pili. Machozi yalimtoka, na wale watu wazima wawili walimwacha alie bila kumharakisha.

Kisha walianza kazi. Mwalimu alitoa daftari lenye maelezo ya kila mahali. Kwanza Kidawa alitaja shule ya wasichana ya Mtwara. Ilikuwa ngumu kupata, lakini basi lilifika na ada haikuwepo. Waliiweka nafasi ya kwanza. Walibishana juu ya sekondari ya kilimo, kwa sababu mwanafunzi alitakiwa kuja na godoro na jozi mbili za viatu, na Mzee Abdala alisema godoro hapana, viatu jozi moja labda. Wakaifuta. Wakaandika sekondari nyingine ya karibu ambayo vitanda vilikuwa vya shule. Nafasi ya tatu ndiyo Kidawa aliifikiria sana. Mjini Lindi kulikuwa na chuo cha wauguzi wasaidizi. Chuo kilitoa chakula, kitanda na sare, na kilitazama Kiswahili na sayansi zaidi ya hisabati.

"Unaweza kuishi na hii?" mwalimu aliuliza. "Usiandike mahali ambapo ukiitwa utakataa."

Kidawa alikumbuka zahanati ya kijiji, ambako mganga mmoja aliwahudumia watu wote, na kina mama walijifungulia njiani. "Naweza," alisema.

Siku hiyohiyo mwalimu aliwaeleza darasa zima habari ya kuandika mara tatu. Hakuficha jina la Mfaume wala lake mwenyewe. Wanafunzi kumi na mmoja walikunjua karatasi zao kimyakimya na kuziandika upya.

Mtihani ulifanyika, na majina yalifika mwezi wa kumi na mbili. Darasa la saba lilikuwa na watoto arubaini na mmoja. Walioitwa walikuwa watatu. Shule ya Mtwara haikumchukua mtu. Jina la Kidawa lilikuwa la mwisho, na mbele yake pameandikwa chuo cha wauguzi wasaidizi, Lindi.

Tekla hakuitwa. Alisimama akitazama ubao kama vile herufi zingeongezeka. "Nami niliandika zote tatu tofauti," alimwambia mwalimu. "Nilipima nauli, nilipima alama. Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu," alisema Mwalimu Ismaili. "Viti ni vichache kuliko watoto. Nitasema uongo nikisema kwamba anayepanga vizuri hupata. Lakini aliyepanga vibaya alikuwa amejinyima kabla hawajamnyima. Kesho uje, tutazame mafunzo ya watu wazima na ushonaji. Usikae nyumbani ukangoja."

Tekla alimkumbatia Kidawa, akalia, kisha akamsukuma. "Nenda. Ukijifunza kuchoma sindano, usije kujaribia kwangu."

Siku ya safari, Kidawa na baba yake walingoja basi la Lindi kando ya barabara tangu alfajiri. Alikuwa na sanduku la mbao lililotengenezwa na fundi wa kijiji kwa malipo ya magunia mawili ya mkaa, blanketi moja, na viatu vilivyokuwa vikubwa kidogo. Mama alikuwa ameagana naye nyumbani, kwa kuwa miguu yake ilivimba.

Vumbi la basi lilipoonekana, Mzee Abdala alisafisha koo.

"Kidawa, huko uendako utakosa vitu. Ukikosa, andika barua useme umekosa. Usinifiche ili nisiumie. Mimi nilikuficha ili usiumie, na kidogo nikupoteze. Mtu anayekwambia hana, huyo unaweza kupanga naye. Anayekudanganya kwamba anacho, hata akiwa baba yako, huwezi kupanga naye lolote."

"Ndiyo, baba."

"Basi nianze mimi. Mpaka tuvune muhogo, mwezi wa saba, sitaleta kitu. Hata sabuni."

"Najua, baba," alisema Kidawa. "Nimeshapiga hesabu bila sabuni."

Basi likasimama. Baba yake aliliinua sanduku peke yake mpaka juu ya keria, akalifunga kwa kamba, akaijaribu kamba mara kadhaa, na hakushuka mpaka kondakta alipomwambia kwamba wanaondoka.